Kurekebisha hitilafu ya aina katika violezo vya maktaba ya C++

Mwongozo huu ni wa waandaaji wa programu wanaotunza maktaba ya C++, iwe maktaba sanifu yenyewe au ile ya ofisini iliyojengwa juu yake. Hitilafu ya aina ndani ya kiolezo inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa mara nyingi kompaila huipitisha kimya. Programu inafanya kazi, ila jibu si sahihi.

Usiguse msimbo kabla ya kuipunguza hitilafu hadi mistari michache inayoionyesha. Chukua kiolezo cha kubadilishana thamani mbili kupitia iterata a na b za aina I, kilichoandikwa hivi:

auto t = *a; *a = *b; *b = t;

Kwa vekta ya int hakina kasoro. Kipe vector<bool> ambamo *a ni kweli na *b ni uongo, na zote mbili zitatoka uongo. Thamani moja imepotea. Tangu kiwango cha 1998, vector<bool> huruhusiwa kubana thamani zake ziwe biti moja moja, na biti haina anwani yake katika kumbukumbu. Kwa hiyo *a hairudishi bool. Hurudisha kitu kidogo kinachosimama kama wakili wa biti ile. Neno auto humchukua wakili huyo, si thamani. Kauli ya pili ikishaandika juu ya *a, wakili naye husoma kilichoandikwa sasa hivi.

Dawa ni kuitaja aina ya thamani waziwazi:

typename std::iterator_traits<I>::value_type t = std::move(*a);

Kauli ya pili nayo iwe *a = std::move(*b), na ya mwisho iwe *b = std::move(t), ili vitu visivyonakilika, kama unique_ptr, navyo vipite. Usikubali kuandika tawi maalumu la vector<bool> peke yake, hata kama linafunga taarifa ya leo. Kosa ni kudhani kwamba kinachorudishwa na *a ndiyo thamani yenyewe. Dhana hiyo hiyo itakuumiza kwa views::zip ya C++23, ambayo hurudisha std::tuple ya marejeo.

Jaribio liandikwe kabla ya marekebisho, na ulione likishindwa. Lipime matokeo, na pale kiolezo kinaporudisha kitu, lipime aina pia kwa static_assert na std::is_same_v. Jibu linaweza kuwa sahihi kwa bahati huku aina yake ni mbovu, nalo litaharibika namba zitakapokuwa kubwa. Usisahau short: ukijumlisha mbili unapata int.

Zipo hitilafu ambazo mtunza maktaba hana ruhusa ya kuzirekebisha. std::accumulate huchukua aina ya jumla kutoka kwenye thamani ya kuanzia. Mpigaji akianza na 0 na kujumlisha 2.5 mara tatu, atapata 6, si 7.5, kwa sababu desimali inakatwa kila hatua. Hata onyo la ubadilishaji likiwashwa, GCC kwa kawaida hunyamazisha maonyo yanayotoka ndani ya faili za maktaba ya mfumo. Lakini kuchukua aina kutoka kwenye thamani ya kuanzia ndio mkataba uliochapishwa, na msimbo mwingi umeuegemea. Eleza katika nyaraka kwamba mpigaji aanze na 0.0, kwa mfano unaoonekana mapema, na uache sahihi ya kitendakazi kama ilivyo.

Mwisho, kagua kama marekebisho yako yanabadilisha ukubwa au mpangilio wa kitu kwenye kumbukumbu. Faili zilizokompailiwa zamani zikiunganishwa na mpya zitasomana vibaya. GCC 5 ilipobadilisha std::string na std::list mwaka 2015, watunzaji wake waliiacha sura ya zamani ndani ya maktaba hiyo hiyo na kuzipa sura mpya majina tofauti, ili programu zilizokwisha kujengwa ziendelee kufanya kazi. Kama huwezi kubeba gharama kama hiyo, badilisha mwili wa kiolezo tu, wala usiguse umbo la data.