SOMO LA AFYA: KUPIMA MISHIPA YA FAHAMU KWA KALAMU



Katika toleo hili tunajifunza namna ya kupima mishipa ya fahamu ya mikono na miguu ya mtu mwenye ukoma. Kwenye kituo cha afya wataandika kwa Kireno "lepra". Mwaka 2008 Msumbiji ilitangaza kwamba ukoma umepungua hadi chini ya mgonjwa mmoja katika kila watu 10,000. Kupungua si kwisha. Huku kaskazini, Cabo Delgado na Nampula, bado wapo wanaougua, na sisi wa Pundanhar tunawajua baadhi yao.

Ukoma unatibika, na dawa zake ni bure. Lakini mshipa wa fahamu uliokufa haufufuki. Ukigundulika mapema kwamba unaumia, yaani kabla ya miezi sita kupita, kituo cha afya kinaweza kuuokoa. Ndiyo sababu tunapima kila mwezi.

MASHINE YA SPITALI KUBWA NA KALAMU YETU

Katika spitali kubwa, daktari anayempasua mtu rovu la shingoni huogopa kuukata mshipa unaoendesha sauti. Hivyo baadhi yao hutumia mashine. Daktari hugusa kwa ncha yenye umeme mdogo sana. Mshipa ukiwa mzima, misuli ya koo hushtuka na mashine hulia.

Je, ikinyamaza? Daktari hasemi mara moja kwamba mshipa umekufa. Kwanza huuliza: waya umechomoka? Mpira wa kupumulia uliobeba vipokezi umesogea? Daktari wa usingizi ametoa dawa ya kulegeza misuli? Akishahakikisha chombo kiko sawa, ndipo huamini jibu.

Kambini chombo chetu ni kalamu ya wino, lakini sheria ni ile ile: kabla ya kuamini jibu, kagua kipimo. Mimi niliijifunza kwa kukosea.

KOSA LANGU

Nilimpima mama mmoja asubuhi. Aligusa sawasawa kila mahali nilipomgusa. Nikafurahi, nikaandika kwenye daftari "anahisi". Jioni nikamkuta ana lengelenge kubwa kwenye kidole kidogo. Alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria na hakusikia moto.

Nilikaa nikafikiri. Nilikuwa nimemgusa kwa mpangilio: kidole gumba, cha shahada, kisha kidogo. Naye alikuwa akinifuata kwa kuhesabu. Hakuwa mwongo. Alitaka kunisaidia nimalize kazi. Nilimpima upya bila mpangilio, na kwenye kidole kidogo hakuhisi hata mara moja. Kesho yake nikampeleka kituoni, akaanzishiwa dawa. Hisia zilirudi kiasi. Ningeliamini daftari langu, ule muda ungepotea.

JINSI YA KUPIMA

1. Kaeni kivulini, mahali pa utulivu. Watoto na majirani wasogee, wasije wakamwambia jibu.

2. Mweleze kwanza akiwa anaona. Mguse kidogo kwa ncha ya kalamu na umwambie: "Ukisikia hivi, nionyeshe kwa kidole pale palipoguswa." Ajaribu mara mbili tatu mpaka aelewe.

3. Mfunike macho kwa kapulana, au ageuze uso.

4. Weka mkono wake juu ya nguo iliyokunjwa, usiningʼinie. Gusa taratibu mpaka ngozi ibonyee kidogo, kisha inua. Usichome wala usikwaruze.

5. Kiganjani pima sehemu nne: ncha ya kidole gumba, shina la kidole cha shahada, ncha ya kidole kidogo, na ukingo wa kiganja chini ya kidole kidogo. Sehemu mbili za mwisho ni za mshipa unaopita kwenye kiwiko. Mshipa huu huumia mara nyingi.

6. Kwenye wayo pima kidole gumba, shina lake, shina la kidole kidogo na ukingo wa nje.

7. Badilisha mpangilio na badilisha muda. Mara nyingine subiri bila kugusa kabisa. Asipoguswa na akasema amesikia, basi anabahatisha.

8. Andika tarehe na jibu la kila sehemu. Kipimo cha leo kina maana kikilinganishwa na cha mwezi uliopita.

Kituoni wana nyuzi za nailoni badala ya kalamu. Kila uzi hupinda kwa uzito wake: kwa kawaida gramu 2 kwa kiganja na gramu 10 kwa wayo. Uzi ukiwa umepinda kabla ya kutumika, haupimi tena sawasawa.

PIMA NA NGUVU PIA

Mwambie afumbe macho kwa nguvu na uangalie kama kope zimegusana. Kisha atanue kidole kidogo kwenda nje. Alaze mkono, kiganja kikitazama juu, na kuinua kidole gumba kuelekea mbinguni. Anyanyue kiganja kwenye kifundo cha mkono. Mwisho anyanyue mguu kuanzia vidole, kisigino kikiwa chini. Kila mara zuia kwa kidole chako. Andika: ana nguvu, ni dhaifu, au hasogezi.

JIBU LIKIKUTIA SHAKA

Hahisi chochote wayoni. Tazama sugu. Wengi wetu tumetembea mwendo mrefu bila viatu, na ngozi nene huzuia mguso. Sogeza kalamu kando ya sugu, palipo laini, upime tena.

Anahisi kila mahali, bila kukosea. Angalia kama anachungulia, au kama wewe unafuata mpangilio kama nilivyofanya mimi.

Anajibu leo hivi, kesho vile. Huenda hakuelewa, amechoka au ana njaa. Eleza tena kwa lugha ya nyumbani kwake, Kimakwe, Kimwani au Kimakonde, kisha rudia.

Anahisi, lakini anaonyesha mbali na ulipomgusa. Usimpe alama ya "sawa". Rudia mahali hapo.

Umekagua yote na bado hahisi. Sasa amini jibu.

MPELEKE KITUONI BILA KUCHELEWA IKIWA

- Amepoteza hisia sehemu mbili au zaidi ambazo mwezi uliopita alihisi.
- Mkono, mguu au kope zimedhoofika.
- Mshipa wa kiwiko, goti au kifundo unauma.
- Mabaka yamevimba na kuwa mekundu.
- Jicho ni jekundu, linauma au halifungi.

Kituoni wanaweza kumpa prednisolone ya kutuliza uvimbe wa mshipa. Hutumika kwa majuma mengi na hupunguzwa kidogo kidogo. Asiache ghafla, asigawane na jirani, wala asinunue mwenyewe sokoni. Dawa za ukoma nazo ziendelee.

KWA WALIOPOTEZA DAWA SAFARINI

Mji wa Palma uliposhambuliwa Machi 2021, watu wengi wa wilaya yetu walikimbia na nguo za mwilini tu. Kukimbia namna hiyo ni kuacha nyuma na pakiti za dawa. Kama ilikutokea, usione haya. Nenda kituo chochote cha afya, hata kama huna karatasi. Matibabu ni ya pakiti 6 au 12, kwa kufuata aina ya ugonjwa. Mhudumu atakuuliza umekunywa ngapi na ataamua kama unaendelea au unaanza upya.

Na wewe jirani, usimkimbie. Mtu akishaanza dawa, muda si mrefu haambukizi tena. Kula naye, lima naye machamba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tunamfunika mgonjwa macho?
2. Utafanya nini ukikuta sugu kwenye wayo?
3. Mshipa ulioanza kuumia utibiwe kabla ya miezi mingapi?

Ukishindwa swali lolote, soma tena au mwite mhudumu wa kujitolea wa eneo lako. Kama nyumbani kwako yupo anayetumia dawa za ukoma, tafuta kalamu leo hii, mketi kivulini, mwanze.