Wembe kwa Mwenye Ngozi Nyepesi Kudhurika: Somo katika Sunna za Fitra



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu wanafunzi, katika darasa la fiqhi tunazisoma sunna za fitra, na mtihani ukija tunazijibu bila taabu. Katika Hadithi ya Abu Huraira (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim zimetajwa tano: kutahiri, kunyoa nywele za kinena, kupunguza masharubu, kukata kucha na kuondoa nywele za makwapa. Lakini lipo swali ambalo wengi huona haya kumuuliza ustadhi. Mtu afanye nini ikiwa kila anyoapo ngozi yake inawaka moto, vipele vinamtoka, na kesho yake hata kutembea ni shida? Wapo vijana waliobaleghe karibuni, wa kiume na wa kike, ambao kwa maumivu hayo huiacha sunna hii miezi miwili au mitatu. Nasi tunajua kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), katika Sahihi Muslim, kwamba tumewekewa mpaka wa siku 40 tusiupite. Basi tulizungumze jambo hili waziwazi, kwani katika kujifunza dini hakuna haya.

Kwanza fahamu kwamba dini yenyewe imemtazama mwenye kuumia. Kunyoa nywele za kinena huitwa kwa Kiarabu istihdad, neno litokanalo na hadid, yaani chuma, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa kwa chembe ya chuma chenye makali. Hata hivyo Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim ameeleza kwamba kunyoa ndiyo bora, na inajuzu pia kukata kwa mkasi, kung'oa, au kutumia nura, ile dawa ya kuondolea nywele. Kwa upande wa makwapa sunna ni kung'oa. Mwanafunzi wa Imamu Shafi alimkuta imamu wetu huyo ananyolewa makwapa na kinyozi. Imamu akasema kwamba anajua sunna ni kung'oa, ila maumivu yake hayawezi. Kama Imamu Shafi aliweza kusema hivyo mbele ya mwanafunzi wake, hakuna sababu ya mmoja wetu kuona haya kusema ngozi yake haivumilii.

WEMBE MKALI NA WEMBE BUTU

Tunaozungumzia hapa ni ule wembe mwembamba wa makali mawili unaouzwa umefungwa katika karatasi na kutiwa katika mashine ya kunyolea. Mmarekani King Camp Gillette ndiye aliyeanza kuuza mashine za namna hiyo mwaka 1903. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na vipimo vyake ni vile vile duniani kote, kwa hiyo wembe wa Uturuki huingia katika mashine ya Ujerumani. Hiyo ni neema kwa mwenye ngozi nyepesi, maana anaweza kubadilisha wembe bila kununua mashine mpya.

Wengi hudhani kwamba wembe mpole ni ule usio mkali sana. Hapa ndipo watu wanapojiumiza. Wembe butu haukati unywele mara moja. Huuvuta, ukauacha, ukarudi tena, na mnyoaji naye akiona haukati hukandamiza na kupitisha mara tatu au nne palepale. Kinachoondoka hapo ni ngozi ya juu. Mtume (S.A.W.) katika Hadithi ya Shaddad bin Aws iliyomo katika Sahihi Muslim ametuamrisha mchinjaji anoe kisu chake ili mnyama apate raha. Ikiwa mbuzi ana haki ya makali mazuri, na ngozi yako je?

Wembe huharibika haraka kuliko tunavyodhani. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyowashangaza wengi: unywele, ambao ni laini kuliko chuma cha wembe mara 50 hivi, huweza kuumega ukingo wa wembe. Mapengo hayo huyaoni kwa macho, lakini ngozi huyahisi. Kwa hiyo mwenye ngozi ya kawaida akitumia wembe mmoja mara nne au tano, wewe mwenye ngozi nyepesi uishie mara mbili au tatu, na kwa nywele nzito za kinena tumia mara moja tu. Wembe ni miongoni mwa vitu rahisi sana dukani, na dawa ya vipele ina bei yake.

Upole wa wembe, basi, hutokana na mambo mawili pamoja: makali yanayokata mara moja, na utando uliopakwa juu ya makali hayo ili yateleze. Nyembe nzuri za leo ni za chuma kisichoshika kutu, ambazo zilienea kuanzia miaka ya 1960, na makali yake hupakwa utando mwembamba wa Teflon, wakati mwingine pamoja na kromi au platini. Maneno hayo utayakuta kwenye pakiti. Nyembe za chuma cha kawaida hushika kutu baada ya siku chache bafuni, nazo hazimfai msomaji wa somo hili.

Wanyoaji wazoefu huwa na maneno yao juu ya kila jina. Feather ya Japani husifiwa kwa ukali kupita nyingine, na Derby ya Uturuki huitwa mpole, ingawa wapo wanaolalamika kwamba huvuta ndevu nene. Hayo ni mapendeleo ya watu, hayakupimwa kwa mizani. Ngozi hazifanani, na wembe aliousifu kaka yako unaweza kukuchubua. Nunua pakiti ndogo za aina mbili au tatu. Tumia aina moja mara tatu, kwa mashine ile ile na sabuni ile ile, kisha uhamie nyingine. Ukibadilisha wembe na sabuni siku moja hutajua kilichokuunguza ni kipi. Andika nyuma ya daftari ukipenda.

Na mashine yenyewe itazame. Mwanzo chukua yenye kingo nyoofu zisizo na meno, ambayo wembe wake hauchomozi sana. Mashine kali ikitiwa wembe mpole bado ni mashine kali. Zile za plastiki zenye nyembe mbili au tatu zilizopangwa pamoja huwasumbua wengi wetu wenye nywele za kujikunja, kwa sababu wembe wa mbele huuvuta unywele na wa nyuma huukata chini ya usawa wa ngozi. Unywele ukiota tena, ncha yake hujikunja na kuchoma ngozi kwa ndani, kikatokea kipele. Wembe mmoja huukata usawa wa ngozi, basi.

NAMNA YA KUNYOA

Punguza nywele ndefu kwa mkasi kwanza. Kisha lowesha kwa maji ya vuguvugu dakika tatu, maana unywele uliolowa hukatika kwa urahisi zaidi. Paka povu jingi la sabuni isiyo na manukato makali. Shika mashine kwa mwinamo, kiasi cha digrii 30 na ngozi, uache uzito wake ufanye kazi, na ufuate upande nywele zinakolala. Usiivute ngozi kwa nguvu. Palipobaki pakahitaji kurudiwa, paka povu tena kwanza. Ukimaliza suuza kwa maji baridi, jikaushe kwa kubonyeza taulo bila kusugua, na siku hiyo vaa nguo ya pamba isiyobana. Spiriti na marashi yaache. Jiwe la shabu linafaa kwa mkato mdogo, ila nalo lisiwe la watu wawili. Damu kidogo ya mkato haitengui udhu katika madhehebu yetu ya Shafi, ioshe tu.

Ikiwa vipele vimeshatoka, usinyoe juu yake. Ndani ya siku 40 una nafasi ya kuipumzisha ngozi, na mpaka ukikaribia tumia mkasi ukate karibu na ngozi. Panapotunga usaha au kuleta homa nenda hospitali.

Kuhusu ndevu, somo hili halifundishi kuzinyoa. Natosheka kusema kwamba mwenye vipele vya kidevuni hata daktari humshauri aache ndevu zake ziote.

WEMBE SI WA KUAZIMANA

Hapa nawaomba wazazi wasome kwa makini, hasa wenye watoto wa bweni. Wembe mmoja huzunguka chumba kizima, huyu anakata kucha, yule anachonga penseli, na usiku mwingine ananyolea makwapa. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7, hata katika tone la damu lililokauka usiloliona. Kuuchovya wembe katika maji ya moto ya chai hakuusafishi. Mzazi anayemfungia mwanawe sanduku la shule amtilie na nyembe zake, mvulana na msichana sawasawa, bila kungoja aombe, kwa sababu hataomba. Kwa kinyozi nako, uone kwa macho yako wembe unatolewa katika karatasi. Mahujaji ndiyo zaidi, kwa kuwa siku ya kunyoa kule Mina watu ni wengi na haraka ni kubwa.

Ngozi nyepesi kuliko zote ni ya mtoto wa siku saba. Wakati wa akika, nywele zake zinaponyolewa ili kutolewa sadaka ya fedha kwa uzito wake, wembe uwe mpya kabisa, kichwa kiloweshwe kwa maji ya vuguvugu, na anyoe mtu mzoefu wakati mtoto ametulia. Utosi bado uko wazi, usikandamizwe. Vinyweleo vilivyobaki huku na huku viacheni. Kuvifuata kwa wembe kavu ili kichwa king'ae ndiko kunakoacha mikwaruzo.

Jambo la kalenda nalo tusilisahau. Anayekusudia kuchinja udh-hiya hakati nywele wala kucha tangu kuandama mwezi wa Dhulhijja mpaka achinje, kama ilivyo katika Hadithi ya Ummu Salama (R.A.). Mwenye ngozi nyepesi anyoe siku tatu au nne kabla ya mwezi kuandama, ili kama kuna mwasho umalizike, wala asijikute Idi imefika na siku 40 zimempita.

Nyembe zilizokwisha kazi zisitupwe jalalani wala chooni, kwani mzoa taka na mtoto anayeokota makopo wote wana vidole. Chukua kopo la maziwa ya unga, toboa mfuniko tundu jembamba la kupitisha wembe, ulibandike gundi pembeni na uliweke juu ya kabati. Familia ya watu sita italitumia mwaka mzima kabla halijajaa.