Petroli Inayoishia Kwenye Breki

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, inapotangaza bei kikomo za mafuta, wenye magari hupiga hesabu upya. Bei hiyo hatuipangi sisi. Tunachokipanga ni mguu wa kulia, na kwa gari dogo la petroli mguu huo una nafasi kubwa ya kuokoa mafuta kuliko watu wengi wanavyodhani.

Anza na breki. Petroli ndiyo inayolipa gari mwendo. Ukikanyaga breki, mwendo uliokwisha kuulipia unageuka joto kwenye diski na kupotelea hewani. Dereva anayekimbilia taa nyekundu, au anayechochea mafuta kati ya tuta na tuta kisha akafunga breki, ananunua mwendo na kuutupa papo hapo. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa uendeshaji wa pupa hupunguza umbali ambao gari linakwenda kwa lita moja kwa asilimia 10 hadi 40 kwenye barabara za kusimama na kuondoka. Foleni ya Mbagala au Mwenge, Dar es Salaam, ni barabara ya namna hiyo hasa.

Sisemi uogope breki. Ikihitajika, ikanyage bila kusita. Lakini breki nyingi za mjini hutokana na kutazama taa za gari la mbele tu. Tazama mbali zaidi. Ukiona magari yamesimama mita 200 mbele, ondoa mguu kwenye mafuta na uliache gari lipunguze mwendo lenyewe. Acha nafasi. Bodaboda wataingia, daladala itachomekea, na bado utafika.

Kuna imani moja inayohatarisha maisha, nayo ni ya kuweka nyutro kwenye mteremko ili kubana mafuta. Zama za kabureta ilikuwa na mantiki kidogo. Gari lenye nozeli na kompyuta ya injini halifanyi kazi hivyo. Ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hufunga nozeli kabisa hadi mzunguko wa injini ushuke karibu na sailensa, yaani mzunguko wa injini isipokanyagwa mafuta. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kupewa petroli ili isizime. Kwa hiyo, kwenye mteremko wa Kitonga au Sekenke, nyutro inakula mafuta huku breki zikibeba uzito wote wa gari, zinapata moto na zinaweza kugoma. Shuka na gia ndogo. Kuzima injini kwenye mteremko ni hatari zaidi: breki na usukani vinakuwa vizito, na usukani unaweza hata kujifunga.

Kwenye barabara kuu, adui ni upepo. Ukipandisha mwendo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, nguvu ya upepo unaolipinga gari huongezeka kwa zaidi ya nusu. Ukifika 120, inazidi mara mbili ya ile ya 80. Na safari ya Morogoro haifupiki kwa kiasi unachodhani, maana Mlandizi na Chalinze lazima urudi kwenye 50. Keria tupu juu ya paa nayo inakamata upepo huohuo, basi ishushe. Kwenye gari la otomatiki la zamani kidogo, tazama pia dashibodi: taa ya O/D OFF ikiwaka, gia ya juu imezuiwa na injini inazunguka zaidi bila sababu. Bonyeza kitufe cha kwenye gia, izime.

Asubuhi injini haihitaji kuunguruma dakika kumi. Nusu dakika inatosha, kisha ondoka taratibu. Unapomsubiri mtu, zima.

Upepo wa tairi usiukubali kwa kukisia. Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinaeleza kiwango, mara nyingi kwa kPa kwa magari yaliyotoka Japani. 230 ni takriban psi 33. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi.

Na pima matumizi yako. Jaza tanki mpaka pampu ijikate, andika kilomita, endesha wiki moja au mbili kama kawaida, kisha jaza tena vilevile, ikiwezekana kituo kilekile. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza: kilomita 420 kwa lita 30 ni kilomita 14 kwa lita. Mshale wa dashibodi hauwezi kukupa hesabu hiyo.

Namba ikishuka ilhali uendeshaji wako haujabadilika, nenda gereji ukaulize mambo mawili kwanza: kama kuna breki inayokamata gurudumu, na kama thamostati bado ipo. Mafundi wengi huing'oa gari likichemsha. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto, na kompyuta huendelea kumimina petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Kama imeng'olewa, dai irudishwe, na chanzo cha kuchemsha kitafutwe.