Kuiandaa Kompyuta ya Nyumbani kwa Hesabu za Mvua

Mkulima wa Soni au Mlalo, apandaye viazi na kabichi katika matuta ya milima ya Usambara, huishi kwa kuitazamia mvua ambayo aghalabu hulinywesha bonde moja na kulipita jingine, nayo ni taabu kuikadiria kwa hesabu za hali ya hewa zinazoigawa nchi katika vipande vipana. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, walianzisha Oktoba 2019 mradi wa kukokotoa mvua ya Afrika kusini mwa Sahara kwa vipande vya kilometa moja moja. Hesabu hiyo kubwa iligawanywa kwa kompyuta za watu wa kujitolea kupitia World Community Grid, iliyoasisiwa na IBM mwaka 2004 na kukabidhiwa mwaka 2021 kwa Taasisi ya Utafiti ya Krembil, Toronto. Na programu ya kuipokea kazi ni BOINC, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Katika kundi letu la kujitolea huku Lushoto, kwenye milima hiyo ya Usambara, nimesadiki kwamba mashine bora si ile iendayo mbio, bali ile imalizayo kwa wakati na kwa usahihi kila kazi iliyoipokea. Maana kazi hiyo ni amana, na muda wake ukipita hupelekwa kwa mtu mwingine, na umeme uliotumika huweza kuwa hasara tupu.

Jambo la kwanza ni joto. Lushoto, iliyo takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, ina usiku wa baridi, nasi huziachia mashine kazi nzito tangu saa nne za usiku hadi alfajiri. Walakini baridi haifai kitu ikiwa vumbi la kiangazi limeziba feni. Zima mashine, chomoa waya, ifungue, shika mapanga ya feni yasizunguke, kisha pulizia vumbi kwa blowa. Na ikiwa mashine ni ya miaka mingi, futa pesti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa upake mpya. Joto la prosesa likipita nyuzi 80 za Selsiasi wakati wa kazi, punguza mzigo.

Namna ya kuupunguza ndiyo jambo la pili. BOINC hukuruhusu kupunguza ama muda wa prosesa, ama idadi ya prosesa zitumikazo. Ukipunguza muda, mashine hufanya kazi na kusita kila mara, ikipanda joto na kupoa. Kwa hiyo mimi huuacha muda katika asilimia 100, nikapunguza idadi hadi nusu. Tena hesabu za mvua hutumia memori nyingi, na kazi nne zinazoigombea memori ndogo huweza kuchelewa kuliko mbili zilizopata nafasi maridhawa.

Tatu ni umeme. Ukikatika ghafla, hesabu hurudi pale ilipohifadhiwa mara ya mwisho, na saa kadhaa za kazi huweza kupotea. Laptopu yenye betri nzima ina heri kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba: iagize BOINC isimame mashine inapotumia betri, na kazi iliyosimamishwa ibaki katika memori. Piga pia hesabu ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: mzigo wa wati 60 kwa saa 8 kila usiku ni uniti zipatazo 14 kwa mwezi, kiasi kisicho haba kwa nyumba iliyo katika kundi la watumiaji wadogo, ambao bei yao nafuu ina ukomo wa uniti 75.

Nne ni intaneti. Majibu ya kazi za mvua ni mafaili mazito. Yapange yaondoke saa za bando la usiku, na usiweke akiba ya kazi kupita siku moja.

Baada ya juma moja tazama orodha ya kazi zilizokubaliwa na zilizokataliwa, ulinganishe muda wa prosesa na muda halisi uliopita. Vikikaribiana na makosa yasipoonekana, ongeza kazi moja, ungoje tena. Na kabla ya yote hayo, omba idhini ya anayelipia umeme na umweleze gharama yake pasipo kuficha, kwa kuwa hisani ya kutoa mali ya mwingine bila ridhaa yake si hisani.