Mfalme Asa na Maumivu ya Miguu

Someni kwanza: 2 Mambo ya Nyakati 14 hadi 16, Yoshua bin Sira 38:1-15, Mathayo 6:25-34.



Mfalme Asa wa Yuda alitawala miaka 41, na katika mwaka wa 39 alishikwa na ugonjwa mkali wa miguu. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati anamlaumu kwa kuwa aliwaendea matabibu bila kumtafuta Bwana. Kwa ajili ya maneno hayo wako Wakristo wanaofundisha ya kuwa kwenda hospitali ni upungufu wa imani. Sisi hatukubaliani nao, na yafaa tueleze sababu, maana jambo hili linawagusa wengi mitaani mwetu, hasa sisi wazee ambao kila tukiinuka kitini goti hulia.

Tutazame sura za nyuma. Zamani, Zera Mkushi alipomjia na jeshi kubwa, Asa alimlilia Mungu akashinda. Lakini katika mwaka wa 36 alimwogopa Baasha mfalme wa Israeli, akatoa fedha na dhahabu ya hekalu kumpelekea Ben-hadadi wa Shamu apate msaada. Mwonaji Hanani alipomkemea, alimtia gerezani. Basi ugonjwa wa miguu ulimkuta mtu aliyekwisha kuzoea kukimbizwa na hofu. Kosa lake halikuwa kumwita tabibu. Kosa lilikuwa ile hofu iliyoketi mahali pa Mungu. Naye Yoshua bin Sira asema kwamba tabibu ameumbwa na Mungu, na dawa Mungu amezitoa katika ardhi; mgonjwa aombe, kisha ampe tabibu nafasi yake. Kitabu hicho kimo katika Apokrifa, ambayo Kifungu cha 6 cha vile Vifungu 39 vya Kanisa letu chasema isomwe kwa mfano wa maisha, ingawa si kwa kuthibitisha mafundisho ya imani.

Sasa tuje kwenye miguu yenyewe. Maumivu mengi ya miguu hayana siri. Aliyelima tangu alfajiri, aliyebeba maji mlimani, mwalimu aliyesimama ubaoni mchana kutwa, wote wataumwa jioni. Damu ya miguuni hupanda kurudi moyoni ikisukumwa na misuli ya vigimbi tunapotembea. Mtu akisimama tu bila kutembea, damu hutuama na miguu huwa mizito. Akiinua miguu juu kidogo hupata nafuu. Usiku kigimbi huweza kukaza ghafula mpaka mtu akapiga kelele. Avute vidole vya mguu kuelekea gotini, nacho kitalegea. Goti la mzee huuma kwa sababu gegedu limechakaa. (Kupiga magoti ni desturi njema ya Kanisa letu, lakini goti lililochakaa laweza kusali likiwa limekaa.)

Ipo hata hivyo siku ya kwenda hospitali bila kungoja. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kigimbi kinauma, hasa baada ya kupasuliwa, kujifungua au kulala kitandani siku nyingi, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Pande la damu hiyo laweza kusafiri hadi mapafuni. Pumzi zikikata au kifua kikiuma, ni hatari ya saa ile ile. Hali kadhalika mguu ulioumwa ghafula ukawa baridi na kupauka. Mguu mwekundu wenye homa. Miguu iliyoishiwa nguvu pamoja na ganzi mapajani na mkojo kutoka bila hiari. Mwenye kisukari asidharau kidonda cha unyayo hata kama hakiumi. Na yule ambaye kigimbi humbana kila akitembea, kikaacha akisimama, akapimwe mishipa yake, hasa kama ni mvuta tumbaku. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba aamini tu, asiende, ni kumwua.

Lakini wako waliokwisha kupimwa, wakaambiwa ni wazima, na bado hawana amani. Tunamfahamu mama mmoja ambaye jirani yake alifariki baada ya kuvimba mguu. Tangu siku hiyo kila usiku hubonyeza kigimbi chake aone kama kinauma. Kigimbi kikibonyezwa mara ishirini hakikosi kuuma, hata kingekuwa cha askari. Asubuhi hukuta panauma, naye huhesabu hiyo kuwa dalili. Amekwenda zahanati na hospitali mbili. Kila mara alipata raha siku tatu nne, kisha akaanza kujiuliza kama daktari alitazama vizuri. Mbuzi wawili wamekwisha kwa nauli na vipimo. Sasa ameacha kutembea hadi kanisani asije akauchosha mguu, na misuli isiyotembezwa hulegea ikauma zaidi.

Tusimcheke. Maumivu yake si ya uongo. Hofu hukaza misuli, tena akili inayokilinda kiungo kimoja ni kama mtu anayemngoja mwizi usiku: hata panya akipita darini humsikia.

Wengine siku hizi huuliza simu zao, na simu huwajibu kwa magonjwa kumi. Jambo hili si geni. Mwandishi Mwingereza Jerome K. Jerome, katika kitabu chake cha kuchekesha cha mwaka 1889, alisimulia jinsi alivyosoma kitabu cha magonjwa yote, akajikuta anayo yote isipokuwa moja tu, nalo ni uvimbe wa goti wa wasugua sakafu!

Mama huyo afanyeje? Apimwe vizuri mara moja, na daktari mmoja anayemjua, amwulize ni dalili gani zimrudishe. Zisipotokea, asirudi. Aache kubonyeza mguu. Siku za kwanza hofu itapanda, kisha itashuka yenyewe. Aanze kutembea, leo hadi kisimani, wiki ijayo hadi kanisani. Asimeze kila siku vidonge vya maumivu vya dukani, kama diklofenaki, bila ushauri, kwani huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Hofu ikizidi kumnyima usingizi, amweleze daktari hofu hiyo nayo, kwa maana ina matibabu yake. Na padre aombwe kuja kumwombea na kumpaka mafuta, kama Yakobo alivyoagiza.

Kwa mikutano ya jumuiya: Asa angefanya nini siku ile miguu ilipoanza kumwuma, kama angemwomba Mungu na kumwita tabibu pia? Tena, katika mtaa wetu ni nani aliyeacha kuja ibadani kwa ajili ya miguu, na ni nani kati yetu atakayekwenda kumwona Jumapili hii, atembee naye kidogo?