Kibarua cha Msafiri: Ahadi Mbili Kabla ya Ujira



Ndugu zangu katika imani, likizo ikifika wengi wetu huvuka mipaka kusalimia jamaa au kuhudhuria darsa. Siku chache zikipita, nauli ya kurudi inaanza kuliwa, na hapo kibarua kinatafutwa. Likizo iliyopita nilikaa wiki tatu Kajaga, magharibi ya Bujumbura, kwenye barabara iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo. Ni kando ya Ziwa Tanganyika, na ujenzi wa nyumba hauishi. Somo hili limetokana na mjadala wetu wa baada ya Isha pale: mgeni akifanya kibarua ugenini, anawajibika kwa nani?

Jibu fupi ni kwamba ana ahadi mbili. Akiivunja mojawapo, ujira wake unaingia doa.

1. Ahadi ya mpakani

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kongo nayo ikajiunga mwaka 2022. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba anayeruhusiwa kuingia ameruhusiwa na kufanya kazi. Sivyo. Muhuri wa matembezi ni wa matembezi. Kazi ya malipo ina kibali chake, hata ikiwa ni ya muda mfupi.

Kwa Muislamu hili si jambo la serikali peke yake. Suratul Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba (5:1), na Suratul Israa inatukumbusha kwamba ahadi itaulizwa (17:34). Aliyepokea ruhusa ya kuingia nchi ya watu kwa sharti fulani ameahidi, hata kama hakutamka neno.

Mwenyeji wangu aliniomba niwasomeshe wanawe Kurani kila siku baada ya Alasiri, kwa malipo. Katika madhehebu yetu ya Shafi inafaa kupokea ujira wa kufundisha Kurani, na fedha ile niliihitaji kweli. Lakini muhuri wangu ulikuwa wa matembezi. Nilipouliza uhamiaji, niliambiwa malipo yanahitaji kibali. Nikawasomesha bila ujira.

2. Ahadi ya mwajiri

Mfano wetu mkubwa ni Nabii Musa (A.S.). Alifika Madyan akiwa mgeni asiye na kitu, akawanyweshea mifugo mabinti wawili bila kudai malipo (28:24). Binti mmoja akamshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu (28:26). Angalia mapatano yalivyokuwa. Mzee alitaja muda, miaka minane, na kumi ikiwa Musa atapenda mwenyewe. Akasema hataki kumtaabisha. Musa naye akayarudia masharti kwa kinywa chake, akamfanya Allah kuwa shahidi (28:27-28). Ukarimu wa mwenyeji haukuwazuia kutaja masharti.

Sasa tuangalie Kajaga. Kijana mmoja kutoka Uvira alikuwa saidia fundi, au umuyede kama wanavyosema kwa Kirundi. Aliambiwa tu kwamba "utapewa kitu". Alifika kazini siku 8, akalipwa siku 5. Mwenye nyumba alidai siku mbili mvua ilinyesha, na siku moja saruji haikufika. Nani ana haki?

Mafakihi wametenganisha waajiriwa wawili. Ajiri khaswi amekodiwa kwa muda: akifika na kuwa tayari, anastahili ujira hata kazi ikikosekana. Ajiri mushtaraki, kama fundi cherehani au mchoraji wa matangazo anayehudumia wateja wengi, hulipwa kwa kazi aliyoikamilisha. Kijana yule akithibitika kuwa alikodiwa kwa siku, siku zile tatu ni haki yake. Tena, kwa kuwa ujira haukutajwa, mkataba una kasoro, na anastahili ujratul mithli, yaani kile anacholipwa mwenziwe kwa kazi kama hiyo mahali hapo. Lakini ugomvi wote huu ungezuiwa na sentensi tatu za siku ya kwanza.

Kwa hiyo msafiri ataje mambo haya mapema:

- Kazi ni ipi, na inahesabiwa kwa siku au kwa kipande.
- Ujira ni kiasi gani na kwa fedha gani. "Elfu kumi" ya shilingi si "elfu kumi" ya faranga, na Burundi bei ya benki na ya mtaani hazilingani.
- Saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja.
- Sala za faradhi na Ijumaa.

3. Je, ujira wa asiye na kibali ni haramu?

Hapa mjadala wetu uliwaka moto. Ustadhi wetu alitenganisha mambo mawili. Kuvunja sharti la kuingia ni kosa, na mtu atubie na kurekebisha hali yake. Ama jasho lake katika kazi ya halali lina malipo. Mwajiri hawezi kusema "huna kibali, nenda kashtaki" kisha akala haki ya mtu. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, miongoni mwa watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemkodi mtu, akachukua kazi yake yote, asimlipe. Mtu huyo hakuulizwa kwanza kama ni mwenyeji au mgeni.

Ndugu msomaji, kabla ya kufunga begi uliza ubalozi au uhamiaji, na kabla ya kushika koleo uliza ujira. Allah atujaalie rizki ya halali, ugenini na nyumbani. Amin.

Maswali ya halaka

1. Anayetengeneza nembo kwa simu akiwa ugenini, kwa mteja aliye nyumbani, ni ajiri wa aina gani?
2. Kwa nini Musa (A.S.) aliyarudia masharti?
3. Tawi letu liwasaidieje wageni wanaokuja kwetu kutafuta kibarua?