Spika Mbili au Sita?

Msimu wa pamba unapomalizika wilayani Kishapu, fedha huingia nyumbani kwa mkupuo, na miongoni mwa vitu vinavyotamaniwa ni seti ya muziki. Muuzaji huonyesha spika mbili za stirio. Kando yake lipo boksi la spika sita za sauti ya kuzunguka, kwa bei ileile. Wengi hulichukua boksi. Je, wamepata zaidi?

Jibu twaweza kuanza kulitafuta darasani. Twaa mpira wa kumwagilia maji wenye urefu wa mita 2, uutie alama katikati kabisa. Mwanafunzi aketi, mpira upite nyuma yake, ashike ncha moja kwenye kila sikio na kufumba macho. Mwenzake augonge kwa kalamu. Ukigongwa kwenye alama, sauti husikika kama inatoka katikati. Ukigongwa sentimita 5 upande wa kulia, atasema "kulia". Njia ya kushoto sasa imeizidi ya kulia kwa sentimita 10. Na kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde katika hewa yetu ya joto, tofauti ya muda ni kama sekunde 0.0003 tu. Ubongo umeipima!

Stirio, ambayo mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliiombea hataza mwaka 1931, hutumia uwezo huo wa masikio mawili. Spika mbili zaweza kumweka mwimbaji mahali pasipo na spika yoyote.

Sauti ya kuzunguka huongeza spika ya katikati, ibebayo mazungumzo ya filamu, mbili za pembeni kuelekea nyuma, na moja ya besi. Si ulaghai hata kidogo. Lakini tukitenga shilingi 300,000 kwa spika pekee, kila moja ya zile sita hupata 50,000, na kila moja ya zile mbili 150,000. Kinachopunguzwa ni sumaku, koni na ubao wa kisanduku, yaani spika yenyewe. Tena nyimbo nyingi, hasa za bendi zetu za zamani, zilirekodiwa kwa njia mbili au moja. Spika za nyuma hazina jipya la kusema. Kwa sebule, basi, ningenunua mbili.

Mwenye kibanda cha video ana hoja tofauti. Aketiye pembeni huisikia zaidi spika iliyo karibu naye, na mwimbaji wa katikati humhamia huko. Hapo spika ya tatu, chini ya runinga, ina faida kuliko zote za nyuma. (Mvua ikianza kupiga bati, hakuna seti itakayofaa.)

Nyumbani, spika ziachane mita 2, msikilizaji naye awe mita 2 kutoka kila moja, zikiwa usawa wa masikio. Mkeka sakafuni na pazia zito ukutani hupunguza mwangwi, kwa gharama ndogo.